Mahari ya Mkwe Fisi

Wenzangu tuliolala darini huku ng'ombe wakipumua chini yetu, mtakubaliana nami kwamba zamani hatukutoa hela ili tuogope. Woga ulikuwa wa bure, na ulikuwa na kazi yake. Nayasema haya kwa sababu wajukuu zangu wamekuja likizo kutoka Babati, nao wamenionyesha sinema.

Nianze na sinema yenyewe, nisije nikaisema kisogoni. Neema, mkubwa wao, yuko kidato cha pili. Alinipa shikamoo, akapokea marahaba yake, kisha akachomeka flashi kwenye runinga ya sola akaniambia, "Bibi kaa hapa, hii ni kali." Nikakaa. Mle ndani kuna wauaji wawili. Mmoja ni mpiga kengele wa kanisa aliyenyongwa na kamba yake mwenyewe, na tangu hapo hana kazi ila kunyonga wengine. Wa pili ni mke wa kinyozi. Huyo anatembea na wembe na hasalimii mtu. Kumbe kila mmoja ana sinema zake nyingi za nyuma, na katika kila moja anauawa kabisa mwishoni, anachomwa, anazikwa, halafu sinema inayofuata yupo. Katika hii wamekutanishwa wapigane. Juu ya yote kuna kijana anayetafsiri kwa Kiswahili, anaongea kuliko wote waliomo. Mtu anachinjwa, yeye anawasalimia rafiki zake wa Mbagala.

Sinema ina kasoro. Watu wa mle wana nyumba yenye milango mingi na hawafungi hata mmoja. Wakisikia kishindo chini ya sakafu, mmoja anashuka peke yake akiuliza, "Nani?" Kwetu ukisikia sauti usiyoijua huulizi, maana inaweza kukujibu. Tena hao wauaji wamechelewa mno kukutana. Muda mwingi umeliwa na vijana wanaogombania gari. Na wauaji wakati huo wanafanya nini, hatuambiwi.

Lakini sikuondoka. Niliinuka mara moja tu kutazama maharage jikoni, nikamwambia Neema asimamishe mpaka nirudi.

Niliporudi akaniambia, "Unajua Bibi, waliwaunganisha kwa sababu watu walishawachoka. Kila mmoja peke yake hakuwa anapata watu tena."

"Najua," nikasema.

"Umejuaje?"

"Washa kwanza tuone."

Nilijua kwa sababu hayo niliyaona nikiwa mdogo, Maretadu, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba. Kwetu bibi ni Ama, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, imechimbwa ubavuni mwa kilima, na paa la udongo kwa upande wa juu lilikuwa sawa na nyasi, hata mbuzi walipanda wakalila. Ndani mlikuwa na moshi, harufu ya samadi na maziwa ya kibuyu. Aliyeingia kutoka juani alisimama kwanza mpaka macho yazoee, ndipo aone nani wa kumwamkia. Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda. Asubuhi tulikwenda shule miguu mitupu juu ya umande wa baridi, kila mmoja na kuni yake ya kumpelekea mwalimu, kwa sababu mwalimu alitoka mkoa wa joto na baridi ya Mbulu ilikuwa inamliza. Hatukumcheka mbele yake. Siku hizi mtoto anavaa soksi na bado anasema shule ni mbali.

Baba yangu ndiye aliyekuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na mama yake. Lakini alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Ama na mimi, na ng'ombe wachache.

Baada ya mavuno kazi ilikuwa kupukuchua mahindi. Waliopukuchua kwa mkono wanajua. Kidole gumba kinachubuka, kinaota sugu, na ukila ugali wa moto unakumbuka kila punje. Mahindi ya Ama yalikuwa mengi kuliko vidole vyetu, basi alikuwa akiwaita watoto wa jirani jioni, kabla ya chakula. Hakuwalipa. Aliwasimulia. Na sheria yake ilikuwa moja: mikono ikisimama, na mdomo wake unasimama. Angemfikisha mtoto wa hadithi kisimani, mkono mrefu umeshamshika kifundo cha mguu, halafu akanyamaza kabisa akitazama moto. Hapo mngesikia watoto wenyewe wanavyosimamiana. "Pukuchua wewe! Mwenzio anazama!"

Zimwi lake liliitwa Mwenye Chemchemi. Lilikaa ndani ya maji, lilikuwa na mikono mirefu kama kamba ya kufungia ng'ombe, na lilivuta watoto waliokwenda kuteka maji na kibuyu kichafu. Kila mwaka Mwenye Chemchemi alikufa mahindi yakiisha. Kila mwaka mahindi yakiiva alikuwa hai. Hakuna aliyeuliza.

Ikawa hivyo mpaka alipofika bibi mmoja kutoka Hirbadaw, aliyekuja kukaa na binti yake mjane, ng'ambo ya korongo letu. Tulimwita Bibi wa Hirbadaw. Alivaa vikuku vya shaba, alicheka bila kufungua mdomo, naye alikuwa na zimwi lake. Huyo aliitwa Mkwe Fisi. Alikuwa fisi anayekuja kuposa. Anavaa vizuri, anaamkia wazee, anasifia ng'ombe wa baba mkwe, na kisogoni ana mdomo wa pili aliouficha kwa kofia. Sisi tulikuwa hatujasikia zimwi lenye adabu. Kwa mavuno mawili watoto wote wakavuka korongo wakaenda kupukuchua mahindi ya binti wa Bibi wa Hirbadaw, na mahindi ya Ama yakabaki na mimi.

Ndipo Baba Mkubwa akaja. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, anakaa Endagikot karibu na mjini, ana nyumba ya bati na alitaka watu wajue. Alisimama uani akatazama lundo, akalisukuma kwa kiatu.

"Mama, haya yanaliwa na wadudu."

"Wadudu nao wana watoto," Ama akasema.

"Mama, umezeeka. Siku ya mnada nitapita hapa jioni. Nikikuta mahindi hayajaingia kwenye kihenge, nakuchukua Endagikot. Wewe, ng'ombe, na huyu mtoto. Nyumba hii tutaibomoa."

Ama alimtazama. "Mvua ikinyesha kwenye bati lako," akasema, "mtu anasikiaje ng'ombe akiumwa?"

Baba Mkubwa akaondoka. Lakini hakuwa mtu wa kutishia bure. Jioni Ama alisonga ugali kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuiaga nyumba kimoyomoyo, nguzo kwa nguzo. Ama alizaliwa akasikia ng'ombe chini yake kila usiku wa maisha yake, na hata mimi mtoto nilijua kwamba Endagikot, chini ya bati, hatafika mavuno mengine.

Asubuhi akafunga ngozi yake begani, akashika fimbo, akanishika na mimi, tukavuka korongo. Alipofika kwa Bibi wa Hirbadaw wakaamkiana kirefu, wakaulizana habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua, za wagonjwa, za mbuzi. Kisha Ama akaweka fimbo chini.

"Nasikia fisi wako amekonda," akasema.

"Na wako amelowa," Bibi wa Hirbadaw akajibu. "Watoto wanasema hata hatoki majini. Wanasema ni chura."

"Chura hana mikono."

"Ndiyo maana nasema wanamdharau."

Nilitupia macho pembeni nikaona lundo la mahindi la nyumba ile. Lilikuwa kubwa kama letu. Bibi wa Hirbadaw akaona nimeona. Akapumua, akasema watoto siku hizo walikuwa wanakuja wachache. Mkwe Fisi alikwishakufa akarudi, akafa akarudi, na mtoto mmoja alikuwa amesema mbele za watu, "Huyu hafi, tusijisumbue."

"Basi waje wote," Ama akasema. "Wako na wangu. Lundo moja, moto mmoja."

"Watakutana wapi? Wangu anaogopa maji."

"Wangu hatoki majini."

Walikaa pale wakilifikiria jambo hilo kama wazee wanaofikiria mpaka wa shamba. Jua likapanda. Mwisho Bibi wa Hirbadaw akauliza polepole, "Mwenye Chemchemi ana binti?"

Ama akafikiri. "Anaye," akasema.

Basi ikawa imekwisha. Mkwe Fisi angekwenda kuposa kwa Mwenye Chemchemi.

Mahindi yao yakabebwa kuvuka korongo, yakamwagwa nyumbani kwetu juu ya yetu. Habari ilikuwa imekwisha kufika kila nyumba, na watoto wakaja wote, hata wale wenye kamasi. Nikiri kwamba hadithi ile ilikuwa na kasoro. Tulikuja kuona mazimwi wakiraruana, tukakuta wanapanga mahari. Mkwe Fisi amesimama ukingoni, kofia kichwani, Mwenye Chemchemi ametoa kichwa tu majini, wanahesabiana mitamba na mitungi ya asali. Ama anataja ng'ombe, Bibi wa Hirbadaw anapunguza. Ama anasema binti wa majini haolewi kwa ndama mwenye kilema. Bibi wa Hirbadaw anasema binti huyo hajui hata kuwasha moto. Jioni ya kwanza ikaisha hivyo. Jioni ya pili vivyo hivyo, na hakuna aliyeliwa. Watoto wakalalamika njia nzima wakirudi kwao, na kesho yake wakaja mapema zaidi.

Siku ya mnada ikafika na lundo halijaisha. Tena toka asubuhi wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya Mlima Hanang, linakuja upande wetu. Wanaume ambao wangeweza kupiga mahindi kwa fimbo walikuwa wamekwenda mnadani, na Baba Mkubwa angepita jioni. Kazi ilitakiwa imalizwe mchana ule ule.

Hapo kukawa na tatizo. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia jua likiwa juu, ng'ombe wanapotea malishoni, hawaioni njia ya kurudi. Na bila hadithi, watoto hawakai. Tuliwajaribu, wakaanza kutupiana magunzi.

Ama alisimama mlangoni akatazama jua, akatazama wingu, akatazama ng'ombe wake waliokuwa wanakula kilimani. Kisha akaniambia, "Warudishe."

"Saa hizi, Ama?"

"Ng'ombe aliye ndani atapotelea wapi?"

Nikawarudisha. Wale ng'ombe walinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Tukawaingiza ndani, tukaingiza na mahindi yaliyobaki, tukafunga mlango, tukatundika ngozi mahali palipopenya mwanga. Ndani pakawa usiku. Ng'ombe wakipumua, watoto wamebanana, mikono inasugua mahindi, bibi wawili kila mmoja upande wake wa moto. Na hatimaye, wenzangu, mahari ikaharibika. Ng'ombe mmoja wa Mkwe Fisi alionekana ana jicho bovu, Mwenye Chemchemi akasema ametukanwa, kofia ikavuliwa. Ama alinguruma kama maji ya mafuriko. Bibi wa Hirbadaw akacheka kicheko cha fisi, na mara hii alifungua mdomo. Watoto wakapiga kelele. Ng'ombe nao wakalia. Mahindi yalikuwa yanaruka kwenye vidole kama mvua ya mawe.

Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa amefika uani. Alikuwa amewahi, mvua isimkute njiani.

Vijana wa leo niwaeleze. Kwetu nyumba inayofungia ng'ombe ndani mchana ni nyumba iliyopatwa na jambo, kifo cha namna isiyotajwa hovyo. Watu wake hukaa ndani, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa jirani, na hakuna anayevuka uzio mpaka wao wenyewe watoke. Ama alisema baadaye kwamba siku ile hakulikumbuka hilo. Namwamini, kwa sababu ni bibi yangu.

Tulisikia sauti ya Baba Mkubwa kutoka uziani. "Mama! Mama, kuna nini humo?"

Mikono ikasimama. Ama akatuonyesha kidole tuendelee. Kisha akaita kwa sauti yake ya kawaida, "Mwanangu, usivuke uzio. Kaa hapo hapo."

Akakaa hapo hapo. Alikuwa Mkristo wa kipaimara, alikuwa na bati na saa ya mkononi, lakini uzio hakuvuka. Alivua kofia, akaketi juu ya jiwe, akatoa rozari. Jirani aliyekuwa akirudi kutoka mnadani akamwona, akavua kofia, akaketi. Akaja mwingine. Mtu akaleta kuni za matanga. Mvua ikanyesha, wakajifunika magunia wakabaki pale, wakisikiliza ng'ombe na watoto na fisi.

Ndani hadithi ilikwisha pamoja na hindi la mwisho. Hakuna aliyeshinda. Mwenye Chemchemi alimvuta Mkwe Fisi mpaka kiunoni, Mkwe Fisi akauma mkono ule mrefu, halafu wote wawili wakakumbuka kwamba wameshapokeana ng'ombe, na mkwe hapigani na mkwe. Mahari ikarekebishwa, ikatajwa idadi ya mwisho, wakaachana kwa heshima. Watoto walikasirika sana. Mmoja alisema ni afadhali angebaki shuleni.

Tulipofungua mlango ng'ombe walitoka kwanza, halafu watoto, weupe wa vumbi la mahindi kama wafu wenyewe, halafu Bibi wa Hirbadaw, halafu Ama. Ama akawatazama wale watu waliolowa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Baba Mkubwa aliinuka, akavuka uzio, akaingia ndani. Akafunua kihenge akachungulia. Kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, na magunia ya Bibi wa Hirbadaw yalikuwa yamepangwa ukutani. Akafunika. Akapewa ugali na maziwa, akala mpaka bakuli likawa safi. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya mama yake, na neno lilikuwa limetimia upande wa mama.

Alipofika mlangoni akageuka. Aliona haya, lakini alikuwa amekaa kwenye mvua muda wote ule.

"Mama," akasema, "sikusikia vizuri pale mwisho. Yule fisi alitoa ng'ombe wangapi?"

"Njoo mavuno yajayo," Ama akasema. "Ukae hapo chini kama wengine."

Akaja. Mtu mzima na saa yake, akakaa katikati ya watoto, akapukuchua mpaka kidole kikachubuka, ndipo akaambiwa. Habari ya kubomoa nyumba haikusikika tena. Ama alifia mle mle, miaka mingi baadaye, ng'ombe wakipumua, na aliyemfumba macho ni Bibi wa Hirbadaw.

Sasa sinema ya Neema ilipoisha, mpiga kengele na mke wa kinyozi walikuwa wametumbukia mtoni pamoja, maji yametulia, kisha wembe ukang'aa chini na kengele ikalia mbali. Wajukuu wakaguna. "Bibi, sasa nani ameshinda?"

"Kila mmoja ana mama yake," nikawaambia. "Hakuna mama anayekubali zimwi lake lipigwe."

Nikawasimulia habari ya Ama, ila kitu kimoja nilikiacha.

Nyumba ile haipo tena. Nami nakaa chini ya bati, na mvua ikinyesha sisikii kitu, kama Ama alivyosema. Korongo mtu halivuki kwenda kusikiliza hadithi, maana kila nyumba ina yake ukutani, na inaongea hata mikono ikiwa imelala. Mahindi yanapukuchuliwa na mashine. Kijana anakuja nayo, inanguruma, magunia yanajaa kabla chai haijapoa, na mashine haiulizi kilichompata mtoto kisimani. Ng'ombe wangu ni wawili, wa kisasa, wanaletewa majani bandani na hawaendi popote. Ningeweza kusimulia saa yoyote ya mchana, hakuna wa kupotea. Enzi zile tulikuwa na kazi na hadithi tukakosa saa. Leo saa ipo.

Watoto wa siku hizi nimewaangalia vizuri. Wanajifunika koti machoni na kuchungulia kwenye tundu la kifungo. Kuchota maji hawawezi. Lakini vidole gumba vyao vina nguvu, vimezoezwa kwenye simu toka wadogo. Ni vidole vizuri kabisa.

Jana kijana wa mashine alipiga simu kuuliza aje lini. Nikamwambia asije wiki hii.

"Bibi, kuna mwingine amekuja na mashine?"

"Hapana."

"Sasa mahindi?"

"Yapo."

Leo baada ya chakula cha mchana Neema amekuja sebuleni, amesimama karibu na lundo, anazungusha simu mkononi. "Bibi," akasema, "mbona hukusema yule fisi alitoa ng'ombe wangapi?"

Nimemwambia aite wenzake, afunge mlango, aweke simu chini, na ashike hindi.